Eti "Umeunganisha Tu"

Jumapili iliyopita shemeji yangu alivuka kutoka Sengerema kuja kutusalimia. Akala sato, akashiba, akainuka kunyoosha miguu, na miguu ikampeleka moja kwa moja kwenye kabati la sebuleni. Juu ya kabati kuna meli. Akaibeba kama mtu anavyobeba kuku, kwa tumbo, foromali moja ya mlingoti wa kati, ule mti wa kulala unaoshika tanga, ikalia tak, yeye wala habari hana.

"Hii umeichonga mwenyewe, shem?"

Nikamwambia sikuichonga. Ilikuja kwenye boksi ikiwa vipande, nikaijenga.

"Aaa. Kumbe umeunganisha tu."

Foromali nilishaisamehe kabla hajafika Kigongo. Hilo "tu" limegoma kutoka.

Miezi 14, jamani. Meli yenyewe ni Beagle, ile iliyomzungusha Darwin duniani kuanzia 1831 hadi 1836, kwa uwiano wa 1:60, sentimita 70 hivi ukihesabu na mti wa omo, ule unaochomoza mbele. Rafiki yangu aliibeba kwenye begi akitoka Ulaya. Siku nilipofungua boksi niliona kitu kama kuni za kuwashia jiko: mkuku mmoja (uti wa mgongo wa meli), mataruma (mbavu zake) yaliyokatwa tayari, halafu mafungu ya fito nyembamba na mifuko ya vitu vidogo vidogo ambavyo ukipiga chafya umevipoteza. Kijitabu cha maelekezo nacho ni picha nyingi na maneno machache, kana kwamba aliyeandika alikuwa anawahi kivuko.

Watu wanadhani ukipewa vipande basi kazi imeisha. Hebu njoo nikupe ufito mmoja uubandike. Hauendi! Umbo la meli ni nene katikati na jembamba mbele kwenye omo na nyuma kwenye tezi, kwa hiyo kila ufito lazima uupunguze upana taratibu kuelekea mwisho, la sivyo ukifika mbele fito zinapandiana kama abiria wa daladala la Kisesa saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo unatakiwa kupiga msasa kingo za mataruma ziinamie upande ubavu unakoelekea, ufito ulale juu yake bila kuacha uwazi. Halafu unauloweka kwenye beseni, unaukunja taratibu ukiwa na unyevu, unaushikiza na vibanio vya nguo (mama watoto alianika nguo bila vibanio karibu mwaka mzima, na aliongea), unasubiri ukauke ndipo utie gundi. Huo ni ufito mmoja. Ukimaliza ubavu mzima unaanza tena, kwa sababu tabaka la kwanza ni la kushikilia umbo na la pili ndilo la kuonekana.

Na mimi nilikosea. Nilinogewa, nikabandika fito nane upande wa kushoto mfululizo kabla sijagusa kulia. Mbao ilipokauka ikavuta, na asubuhi nikakuta mkuku umepinda kama ndizi. Unatakiwa kwenda moja kushoto, moja kulia, pande zote zivutane sawasawa. Kijitabu kilisema hivyo, ukurasa wa mbele, mimi nikaruka. Nikabandua zote nane kwa kisu na maji ya moto, nikingojea umeme urudi ili nione ninachokata. Wiki tatu za kazi ziliishia kwenye beseni. Shemeji, hiyo ndiyo "tu" yako.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba maneno haya yametamkwa Mwanza. Mji huu! Kama kuna watu duniani wasiotakiwa kudharau chombo kilichokuja vipande vipande ni sisi.

MV Victoria ambayo babu zetu na sisi tumeipanda kwenda Bukoba ilitoka wapi? Glasgow, kwenye kiwanda cha Yarrow. Waliiunganisha kule kwa bolti, wakakipa kila kipande namba, wakaifungua yote, wakaileta kwa bahari, na Kisumu ndiko ilikojengwa upya ikaanza kazi mwaka 1961. Kila kipande na namba yake, kama boksi langu lilivyo. Nenda Kigoma ukaiulize meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa kwenye makasha 5,000, ikashushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915. Mafundi watatu waliotumwa kutoka Papenburg majina yao yameandikwa vitabuni. Mamia ya watu waliobeba, waliopiga ribiti, waliochubuka mikono kwenye lile joto, mimi sijawahi kukutana na majina yao popote. Nadhani kuna mtu aliwaangalia akasema hawa wanaunganisha tu.

Tena tusiende mbali mpaka Kigoma. Hapa hapa Kageye, Magu, mwaka 1875, Stanley aliingiza ziwani mashua yake ya mbao, Lady Alice. Futi 40. Iliondoka Bagamoyo Novemba 1874 ikiwa imekatwa vipande, ikapanda mabegani mwa wapagazi, ikatembea zaidi ya miezi mitatu kwa miguu ya watu. Ilipofika ufukweni ikaunganishwa, ikatwekwa tanga, ikazunguka Ziwa Victoria lote. Shuleni nilifundishwa kwamba Stanley alizunguka ziwa. Aliyekuwa chini ya kipande cha omo akipanda vilima vya Usagara na jua la utosi, huyo hakuwa kwenye mtihani. Ukinichokoza kidogo zaidi nitasema Lady Alice ndiyo iliyopaswa kuwa kwenye boksi, si Beagle. Kwa uwiano wangu ingekuwa na urefu wa sentimita 20 tu, inatosha juu ya redio. Huo mchoro nimeshauanza.

Haya, nikubali jambo moja, na nalikubali kwa shingo upande. Mwaka jana nilipeleka picha za meli kwa mzee mmoja anayejenga mitumbwi kule Igombe. Nilitegemea sifa. Mzee huyu hana mchoro wala kijitabu. Anapima kwa mkono na kamba, anafumba jicho moja, anainamisha kichwa, anamwambia kijana "toa kidogo hapo," na mtumbwi unatoka ubavu huu na ule vimefanana kama mapacha. Nikampa simu. Akaitazama picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akarudi kwenye omo, akanirudishia.

"Inavuja?"

Nikamwambia, mzee, hii haiingii majini, ni ya kuangalia.

"Sasa utajuaje?"

Akaendelea kusindilia pamba kwenye maungio. Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kwa hiyo ndiyo, kama shemeji angesema mimi si fundi kama mzee wa Igombe, ningenyamaza na kummiminia chai. Lakini yule mzee, ambaye angekuwa na haki kabisa ya kunicheka, hakusema "tu." Aliuliza swali la mtu anayejua kwamba chombo hujulikana kwenye maungio.

Wanaosema kujenga meli hizi za boksi ni ghali, wana haki. Wanaosema ni mchezo wa Wazungu, wanasema hivyo wakiwa wamevaa jezi ya Arsenal.

Nimeanza kuwaza kumwita shemeji Jumamosi nimkalishe kwenye zile ngazi za kamba zinazopanda milingotini. Kila kidaraja ni uzi mwembamba unaofungwa fundo kwenye kila kamba ya wima, fundo lile lile, nafasi ile ile, mamia ya mara, kwa koleo dogo la nyusi. Mafundo kumi ya kwanza unajiona bingwa. La hamsini, unaanza kuona mbili mbili. Mama watoto amekataa, anasema mgeni hafanyishwi kazi.

Foromali bado haijatengenezwa. Kipande cha akiba kwenye boksi nilishakitumia, kwa hiyo natafuta kijiti cha mshikaki kilichonyooka nikichonge kiwe chembamba ncha zote mbili. Muuza mishikaki wa Kirumba ameshaniuzia vitano kwa shilingi mia mbili, akacheka. Vitatu nimeshaviharibu.