Bao lenye sauti: cha kutengeneza na cha kununua

Vijana wawili wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, mmoja fundi redio na mwenzake mwanafunzi wa chuo, wametengeneza bao la kete linalotoa sauti. Ubao ni paina ya Mafinga, mashimo 32 katika safu nne, kama bao lolote. Kete ikitua kwenye shimo tupu, spika iliyonyofolewa kwenye sabufa mbovu inatoa sauti ya mjini: konda anaita abiria wa Uyole, mashine ya kusaga inanguruma, mvua inapiga bati, mama anaita wateja wa maparachichi. Mchezaji akitembeza kete haraka, sauti zinakatana, kwa sababu bodi ndogo inayosoma kadi ya muziki haiwezi kutoa mbili kwa mpigo. Konda anasema “Uyo…”, mvua inamziba mdomo. Watu walicheka hapo kuliko kwenye mchezo wenyewe.

Muuza simu mmoja aliyekuwa kando hakucheka. “Kaka, hii kwenye simu ni kazi ya wiki moja,” akasema. Wenzake walimzomea. Mimi nadhani alistahili kusikilizwa.

Simu ya kawaida ina kioo cha kugusa, maikrofoni, kamera, spika na betri, vyote vimeshapatana kiwandani. Anayeanzia hapo anaingia moja kwa moja kwenye sanaa: sauti gani, lini, kwa nini. Vijana wetu, kwa maneno yao, walitumia miezi mitatu kwenye nyaya na siku mbili kwenye sauti. Inasikika. Upepo umeingia kwenye rekodi ya konda, na mashine ya kusaga imekatwa kabla haijashika mwendo. Anayejitengenezea kila kitu mara nyingi hufika kwenye sanaa akiwa hoi, na mtazamaji hapewi punguzo kwa sababu msanii aliungua vidole akilehemu.

Neno “kujitengenezea” nalo lisitudanganye. Ubongo wa bao hili ni nakala ya Kichina ya Arduino, bodi ndogo ya kompyuta iliyozaliwa mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, kwenye taasisi ya usanifu, ili wanafunzi wasio wahandisi waweze kuwasha taa na kuzungusha mota bila gharama kubwa. Nayo ilisimama juu ya kazi za wengine: Processing, lugha ya programu ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianza chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2001 wakiwalenga wasanii, na Wiring, bodi na programu yake ya mwaka 2003, kazi ya Hernando Barragán akiwa mwanafunzi hapo hapo Ivrea. Michoro ya Arduino iliachwa wazi. Yeyote aweza kunakili bodi, ila jina hapana. Ndiyo maana nakala zake zinauzwa Kariakoo na kupanda basi hadi Mbeya kama mzigo mwingine wowote. Hakuna aliyefinyanga chipu Mwanjelwa.

Basi ukiondoa vya kununua, chao ni kipi? Nilipewa ruhusa ya kuligeuza bao chini juu.

Bodi hiyo ina milango sita tu ya kupokea vipimo vinavyopanda na kushuka, na mashimo ni 32. Wametumia vichipu viwili vya kuchagua njia, kila kimoja kina njia 16, bodi inauliza shimo moja moja kwa zamu, upesi kiasi kwamba mchezaji hahisi zamu yenyewe. Chini ya kila shimo kuna kitambuzi cha mwanga. Mafundi wanakiita sensa, na utani wa sensa ya watu na makazi umeshachosha. Ukinzani wake hupanda giza likiingia. Kete ikikifunika, bodi inajua.

Programu ya kwanza waliinakili mtandaoni. Ilikuwa na namba moja ya kuamulia, 500, katikati ya kipimo cha 0 hadi 1023. Chini ya hapo kuna kete, juu yake hakuna. Aliyeiandika bila shaka alikaa chumbani penye taa isiyobadilika. Hapa kwetu ukungu ukishuka asubuhi kutoka mlima Loleza, mwanga wa uwanja mzima unashuka nao, na bao likaona mashimo yote yamejaa. Likaanza kupitia sauti zake zote, moja baada ya nyingine, pasipo mchezaji. Dawa yao ilikuwa kitambuzi cha 33, kilichowekwa ukingoni pasipofika kete. Programu ikaandikwa upya, kila shimo likalinganishwa na ukingo wake badala ya namba ya mtu wa mbali. Kisha kikaja kivuli cha mkono wa mchezaji, nacho kikahitaji mistari yake: shimo lisihesabiwe mpaka giza litulie.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaoshangilia vyuma chakavu. Sabufa mbovu inapendeza kwenye picha, lakini spika mpya ingetoa sauti safi zaidi na hakuna ambacho kingepotea. Ubao hauna mbadala: kioo cha simu hakiwezi kukupa uzito wa kete ya komwe mkononi, wala ule mlio wa kete ikigonga mbao kabla spika haijasema. Programu haina mbadala pia, kwa kuwa ndani yake ndimo ukungu wa Mbeya ulimoandikwa. Vya katikati hapo, nunua.

Umeme ndio wa kununuliwa kuliko vyote. Mwanzoni bao lilitumia transfoma ya ile sabufa, volti 230 zikiingia chini ya mkeka wenye umande. Fundi redio ananiambia yeye amezoea. Wanaokuja kucheza hawajazoea. Chaja ya simu yenye volti 5 ilimaliza habari, na umeme ukikatika wanachomeka pawabenki.

Lipo pingamizi jingine, na hili halijali kama umenunua au umetengeneza. Nyanda za Juu Kusini hazijakosa mikono. Njombe wapo wananchi waliofua umeme wa maji kwa vifaa vya kuungaunga wakawasha taa vijijini, na taa ikiwaka hakuna anayeuliza maana yake. Bao likiimba, swali la kwanza ni “linasaidia nini?” Hata MAKISATU, mashindano ya kitaifa yaliyoanza 2019, jina lake linataja sayansi, teknolojia na ubunifu, sanaa haimo. Vijana wameanza kujibu kwamba bao linafundisha watoto kuhesabu. Wangeacha. Si kweli, na halihitaji kuwa kweli.

Siku niliyokuwepo, mzee mmoja alicheza na yule mwanafunzi. Kwenye namua, hatua ya mwanzo ya kuingiza kete za mkononi, alikuwa taratibu, kete zake 22 mkononi, akikunja uso kila konda alipopayuka. Baadaye kijana akamla vizuri na nyumba ya mzee, lile shimo kuu la upande wake, ikabaki tupu. Mzee akaegemea nyuma.

“Mwanangu, bao lako linapiga kelele kwa kete ya kipuuzi. Nyumba yangu imebomoka, limekaa kimya.”

Ni kweli. Programu ilikuwa inasikiliza kete inayoingia tu. Nyumba huanza na kete sita, kwa hiyo imefunikwa tangu mwanzo na haina la kusema. Kijana akaweka kompyuta juu ya kreti ya soda, akatafuta mashimo mawili ya nyumba, moja la kila upande, akayaandikia kinyume: yanyamaze yakiwa na kete, yalie mwanga ukiingia. Hazikufika dakika kumi.

“Shikamoo yako mzee, sasa tuweke sauti gani?”

“Bati,” mzee akajibu baada ya kufikiri. “Bati linaloezuliwa na upepo.”

Kwenye kadi haikuwemo. Kijana akachukua simu yake, akaondoka kutafuta bati lililolegea.