Kiti Kilishika, na Suruali Ikashika

Kabla hamjanicheka, jueni kwamba kiti hakikung'oka. Siku ile kilibaki palepale nilipokifunga mtumbwini. Watu wakisimulia kisa hiki huliruka jambo hilo, na ndilo la maana kuliko yote.

Mtumbwi wetu ni wa plastiki, ile polithini nzito, wa kustareheshea watu kwenye maji matulivu. Kiti cha omo, yaani mbele, na cha tezi, yaani nyuma, vinaning'inia kwa bolti kutoka kwenye kingo. Cha katikati ni kinundu kilichotoka kiwandani pamoja na mtumbwi wenyewe. Vyote vitatu vilibuniwa na mtu asiye na makalio.

Nikaanza na sponji. Nikapaka gundi kitini, nikabandika, nikaiacha ikauke usiku kucha, kisha nikakaa kujaribu. Nilipoinuka, sponji iliinuka na mimi. Gundi ilikuwa imepenya sponji ikiwa bado mbichi, ikaishika suruali barabara, kiti haikukishika kabisa. Polithini hainatani na gundi za kawaida, na ushahidi nilikuwa nao mkononi muda wote: chupa ya gundi yenyewe ni ya polithini, ndiyo maana gundi hainati kwenye kuta zake.

"Shemeji, viache viti vya watu," akasema shemeji yangu.

Shemeji ni mtu wa kuviacha vitu. Mimi si wa hivyo.

Nikaunda kiti cha mbao kwa ajili ya tezi, kipana, nimekipiga msasa mpaka kikang'aa. Kwa sababu magoti yangu ni marefu, nikakipandisha sentimita 8 juu ya kile cha zamani. Bolti nilizopata zilikuwa ndefu kupita kiasi, zikatokeza chini ya kiti vidole vinne hivi. Nikasema nitazikata siku nyingine. Halafu, kwa kuwa msumeno ulikuwa mkononi na nimeshapata moto, nikakifyeka na kile kinundu cha katikati ili mizigo ipate nafasi.

Kumbe kinundu kile kilikuwa nguzo! Ndicho kilichokuwa kikiishikilia sakafu isibonyee. Tulipoushusha mtumbwi majini, maji yakaisukuma sakafu juu kutoka chini, ikavimba. Kila tulipopiga kafi ikawa inapanda na kushuka, inahema.

"Shemeji, kuna kitu kinapumua huku," sauti ikatoka omo.

"Piga kafi."

Sentimita 8 si kitu ukiwa nchi kavu. Majini ni habari nyingine, maana sehemu kubwa ya uzito wa mtumbwi ule ni sisi wawili, na ukimwinua mmoja, kitovu cha uzito kinapanda naye. Nikigeuza shingo, mtumbwi unageuka. Nikikohoa, shemeji anashika kingo. Lakini nilikuwa naona mbali, jamani! Nikakunja miguu nyuma, chini ya kiti, nikakaa kwa raha zangu.

Shemeji akainama kuokota kofia yake. Alichofanya ni hicho tu, na bado anakana. Mtumbwi ukalala ubavu, ukasita kidogo kana kwamba unatupa nafasi ya kujirekebisha, kisha ukapinduka.

Maji yalikuwa ya kiunoni na maboya tulivaa, kwa hiyo kuzama hakukuwapo. Kilichokuwapo ni bolti. Pindo la suruali yangu lilikuwa limejichoma kwenye moja, likanasa kwenye nati. Nilipoibuka, kichwa kilikuwa ndani ya mtumbwi uliofunikwa, kwenye hewa iliyobaki humo. Mguu mmoja ulikuwa chini kwenye tope, na mwingine umening'inizwa juu kwenye kiti, nimesimama kama korongo. Nikavuta. Kiti hakikutikisika hata kidogo. Nakiri kwamba katikati ya taharuki ile niliona fahari.

Nje nikasikia vidole vinagonga plastiki.

"Hodi!"

Na mimi, kwa malezi niliyopewa, nikajibu, "Karibu!"

"Shemeji, uko humo?"

"Nimo."

"Unafanya nini?"

Swali hilo halikuwa na jibu la heshima. Nikafungua mkanda, nikamwachia bolti suruali yake, nikapiga mbizi nikatokea upande wa pili na boya na chupi. Shemeji alinitazama, akautazama mtumbwi, akageuka kuangalia miti kwa adabu kubwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Marekebisho hayakuchukua muda. Kiti nimekishusha mpaka chini kidogo ya kile cha zamani, ila nimeacha nafasi ya kutosha kiatu kipite bila kukwama, maana hapo ndipo mtu anaponasa. Bolti nimezikata na kuzivika nati za kofia, zile zinazofunika ncha ya bolti. Katikati nimechomeka bonge la povu gumu kubana sakafu. Sikulibandika na gundi. Sakafu imeacha kuhema, na mtumbwi umetulia kuliko ulipokuwa mpya.

Shemeji naye alikuja kukagua. Akapitisha mkono chini ya kiti changu, akazipapasa nati moja moja, akaridhika.

"Safi, shemeji. Ila hiki changu cha mbele niachie hivihivi kilivyo."

Nikaitikia kwa kichwa, nikasogea kidogo ili nisimame kati yake na drili. Matundu ya kiti chake nilikuwa nimeshayatoboa.