Gavana wa Kura 119,083

Tarehe 29 Agosti 2022, wakazi wa Mombasa walirudi vituoni mara ya pili mwezi huo huo. Viti vingine vyote walikuwa wameshavimaliza tarehe 9. Cha gavana kiliahirishwa, sawa na kule Kakamega, baada ya karatasi za kura kugunduliwa kuwa na makosa katika picha za wagombea. Abdulswamad Nassir wa ODM, chama cha Raila Odinga, akaibuka na kura 119,083 na Hassan Omar wa UDA, chama cha William Ruto aliyeshinda urais, akafuata na 98,105. ODM imeilinda ngome yake, ndivyo ilivyosemwa.

Hakuna uongo hapo. Ila daftari la wapiga kura la Mombasa lilikuwa na majina zaidi ya 640,000. Ukipiga hesabu, gavana alichaguliwa na watu wasiofika mmoja katika kila watano waliojiandikisha. Sasa ngome ni ya nani, ya chama au ya waliobaki nyumbani?

Mpiga kura asiyefuatilia siasa kila siku hupata shida hapa. Matokeo yakitoka, anakuta jedwali la majina na asilimia, na kando yake wasemaji wa vyama wakimwambia maana yake. Kuna namna mbili za kulisoma jedwali hilo, na kila moja ina wenyewe. Wa kwanza wanasema matokeo ya kaunti ni kivuli cha siasa za kitaifa: tazama kinara wa chama anakubalika wapi, utajua gavana atatoka wapi. Wa pili wanasema kaunti ina mambo yake, yaani barabara, zahanati, koo, mchujo wa chama ulioharibika, na kwamba kuyasoma kwa miwani ya Nairobi ni kuwadharau watu wa mashinani.

Wa kwanza wana ushahidi mzito. Chukua eneo la Mlima Kenya na Bonde la Ufa mwaka huo wa 2022. Ndiritu Muriithi wa Laikipia na Lee Kinyanjui wa Nakuru walikuwa magavana waliosifiwa hata na watu wasiowapenda. Wote wawili walisimama kwa tiketi ya Jubilee, chama cha Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa akiondoka, ambacho eneo hilo lilikuwa limeshakipa kisogo. Joshua Irungu alimbwaga Muriithi, Susan Kihika akambwaga Kinyanjui, wote kwa tiketi ya UDA. Nyoro wa Kiambu na Kimemia wa Nyandarua, nao wa Jubilee, walikwenda na maji yale yale. Anayedai kwamba wapiga kura hupima kazi ya gavana peke yake atueleze hayo. Ukitaka kujua kwa nini vyama huhubiri “suti kamili”, yaani rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na diwani wa wadi (MCA) wa chama kimoja, jibu ni kwamba mara nyingi watu huivaa kweli.

Lakini nenda Nairobi siku hiyo hiyo, vituo hivyo hivyo, watu hao hao kwenye foleni. Raila Odinga alipata takriban kura 767,000 za urais katika kaunti hiyo. Polycarp Igathe, aliyepeperusha bendera ya Azimio, muungano wa Raila wenye ODM na Jubilee ndani yake, katika ugavana kwa tiketi ya Jubilee, alipata 573,516. Zaidi ya kura 190,000 zilipotea njiani kati ya karatasi moja na nyingine. Johnson Sakaja wa UDA akashinda kwa 699,392. Na kabla hujasema Nairobi iligeuka ya UDA, kiti cha seneta kilikwenda kwa Edwin Sifuna wa ODM, kwa kura 716,876, nyingi kuliko za gavana mwenyewe.

Watu hawakuchanganyikiwa, walichagua. Miezi michache kabla, Tim Wanyonyi wa ODM alikuwa ameombwa aachie tiketi ya ugavana ili Igathe aipate, naye akarudi kutetea kiti chake cha ubunge cha Westlands. Makubaliano yale yalifanyika juu, kati ya wakubwa wa muungano, na waliokuwa wakimtaka Wanyonyi hawakuwa kwenye meza hiyo. Siwezi kuthibitisha kwamba kura zote 190,000 ni hasira ya tiketi. Nyingine ni mvuto wa Sakaja mwenyewe, aliyekuwa seneta wa jiji kwa miaka mitano. Ninachosema ni kwamba aliyesoma matokeo ya urais peke yake asingeweza kumtabiri gavana wa Nairobi, na aliyesoma ya gavana asingemtabiri seneta.

Hadi hapo pande mbili zinakaribia kutoshana nguvu, na mchambuzi mvivu angesema “ukweli uko katikati” akaenda zake. Mimi naona pande zote mbili zinabishana juu ya nusu ya jedwali. Zinatazama kiti cha gavana tu, na kule chini, kwenye orodha ndefu ya wadi ambayo hakuna redio inayoisoma hadi mwisho, ndiko kuliko na nusu ya pili. Hakuna kaunti inayoonyesha hivyo kuliko Meru.

Meru ya 2022 ilikuwa ya Ruto bila ubishi. Mithika Linturi, seneta wa kaunti hiyo, alisimama kwa UDA; kwa hesabu ya wasomaji wa kitaifa alipaswa kupita. Akashindwa. Kawira Mwangaza, mgombea huru ambaye hata uwakilishi wa kike wa 2017 aliupata bila chama, alizoa kura 209,148. Linturi alipata 183,859 na gavana aliyekuwapo, Kiraitu Murungi, akabaki wa tatu na kama 110,000. Wasomaji wa mambo ya mashinani walishangilia: wananchi wamewapita wakubwa wa vyama. Na kweli waliwapita. Katiba, ibara ya 180, haidai gavana apate nusu ya kura. Anayewazidi wenzake ndiye mshindi, na kura zikigawanyika mara tatu asilimia arobaini na kidogo hutosha.

Sasa fungua orodha ya wadi. Meru ina wadi 45, na bunge lake la kaunti likawa na wajumbe 69. Hao 24 wa ziada hawakupigiwa kura na mtu: ni viti vya kuteuliwa, vya kuziba pengo la jinsia na kuyapa makundi yaliyotengwa nafasi, na hugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi ambavyo kila chama kimeshinda. Asiye na chama hapati hata kimoja. Kwa hiyo mama aliyeshinda kwa kura 209,148 aliingia ofisini bila kiranja wake bungeni na bila orodha ya wateule, akawakabili madiwani ambao karibu wote walikuwa na deni la shukrani kwa mtu mwingine.

Yaliyofuata yanajulikana. Desemba 2022, hata miezi minne haijaisha ofisini, madiwani 67 kati ya 69 walipiga kura kumng'atua. Kamati ya Seneti ikamwokoa. Oktoba 2023 wakarudi, mara hii 59, na Seneti nzima ikamwokoa tena. Agosti 2024 walikuwa 49, watatu tu juu ya theluthi mbili inayotakiwa na sheria, na safari hiyo Seneti ikaafiki. Aliendelea kukaa ofisini kwa amri ya mahakama hadi Machi 2025, Mahakama Kuu ilipothibitisha uamuzi ule na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa.

Haki itendeke: hili halikuwa suala la idadi ya viti peke yake. Mashtaka ya ukiukaji wa katiba, utovu wa nidhamu na matumizi mabaya ya mamlaka yalisikilizwa, na Seneti iliyomwachilia mara mbili iliyaafiki mara ya tatu. Wapo watakaosema hata gavana mwenye chama kikubwa angeponzwa na mwenendo ule. Inawezekana. Lakini tazama idadi inavyoshuka, 67, 59, 49. Alikuwa akiwavuta madiwani upande wake polepole, mmoja mmoja, kazi ambayo mwenzake mwenye chama humaliza siku ya kuapishwa. Alipungukiwa na wanne: wangemhamia, hoja ingebaki na 45 na kuanguka.

Nairobi nayo ina somo hilo hilo kwa sura tofauti. Sakaja aliongoza jiji ambalo wengi katika bunge la kaunti walitoka upande wa Azimio. Septemba 2025, madiwani walipokusanya saini za kumtimua, kilichomnusuru ni mikutano ya wakubwa: Rais Ruto akiwatuliza wa UDA, hayati Raila Odinga akiwatuliza wa ODM. Hapo ndipo wasomaji wa kitaifa wanapopata pointi yao kwa mlango wa nyuma. Kura zilikuwa za mashinani, lakini hatima ya gavana iliamuliwa na vinara wawili.

Kuhesabu viti nako kuna mtego wake. Kesho yake baada ya matokeo, kila muungano hutangaza idadi ya magavana “wetu”, na idadi hizo hazijumlishiki, kwa sababu wengine wamehesabiwa pande mbili. Mwaka 2022 chama cha UDM kilishinda ugavana wa Mandera na Marsabit kikiwa ndani ya Azimio. Haikupita hata wiki mbili baada ya kura, UDM ikatangaza kwamba imehamia Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Mpiga kura wa Mandera hakubadilisha chochote, ila kaunti yake ilihama rangi kwenye ramani ya runinga.

Kwa jirani zetu Tanzania mtego huo una uzito zaidi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, serikali ilitangaza kuwa chama tawala, CCM, kimechukua asilimia 99.01 ya wenyeviti wa vijiji. Hiyo ni asilimia ya viti, wala si ya kura. Upinzani ulilalamika kwamba wagombea wake wengi walienguliwa kabla ya siku yenyewe, na ule wa 2019 chama cha upinzani cha CHADEMA kiliususia kwa lalamiko hilo hilo. Wafuasi wa CCM hujibu kwamba chama chao kina watu hadi kwenye shina la mwisho la kitongoji, jambo ambalo hakuna mpinzani aliyelifikia, na hilo ni kweli. Lakini mahali ambapo mtu amepita bila kupingwa hakuna kura ya kusoma, na asilimia 99 haiwezi kukwambia wangapi wangemkataa.

Nirudi kwenye ile hesabu ya Mombasa ya mmoja katika watano, maana inaweza kutumiwa vibaya. Daftari si watu. Lina waliohama na lina waliokufa; ukaguzi wa kampuni ya KPMG wa 2022 ulikuta humo marehemu zaidi ya 246,000 nchi nzima. Pia kura ya ugavana ilipigwa wiki tatu baada ya ile kubwa, rais akiwa ameshatangazwa, na siku ya pili ya foleni kwa anayeishi kwa kibarua ni posho ya pili iliyopotea. Kwa hiyo si haki kusema Nassir hana uhalali. Uhalali wa kisheria anao wote. Asichokuwa nacho yeye wala chama chake ni haki ya kusema kwamba Mombasa imesema, kwa sababu hata tarehe 9 Agosti, kabla ya uchovu wowote, waliojitokeza Mombasa hawakufika nusu.

Anayetaka kujisomea matokeo kwa kuanza mahali padogo aanze mlangoni mwa kituo alichopigia kura. Usiku wa kuhesabu, msimamizi hubandika pale fomu ya matokeo. Ya gavana ni Fomu 37A. Ina majina ya wagombea na kura zao, lakini macho yashuke chini: idadi ya waliosajiliwa kituoni hapo, kura zilizokataliwa, jumla ya kura halali, na saini za mawakala. Kituo kimoja hakina zaidi ya watu 700, kwa hiyo hesabu unaweza kuifanya kwa simu ukiwa umesimama. Wakala wa mgombea fulani akiwa hakusaini, hiyo nayo ni habari, ingawa mara nyingi sababu ni kwamba hakulipwa akaenda kulala.

Chaguzi ndogo ndizo zinazosomwa vibaya kupita zote. Novemba 27, 2025, UDA ilishinda ubunge wa Mbeere Kaskazini, kaunti ya Embu, kwa tofauti ya mamia ya kura tu, na upande wa serikali ukasema Mlima Kenya umerudi nyumbani. Wapinzani wakasema serikali nzima, pamoja na naibu wa rais, imepiga kambi kwenye eneobunge moja na bado imeponea chupuchupu. Kila upande ulikuwa na namba za kuonyesha. Mimi sioni kama eneobunge moja, lenye wageni wengi wa kampeni kuliko lilivyowahi kuona, linaweza kutuambia lolote kuhusu Agosti 2027, siku ambayo wageni hao watakuwa wametawanyika katika maeneobunge 290 na kila mmoja akitafuta kura zake mwenyewe.