Jeni 21 na mama ambaye hahitaji kemoterapi

Hapa Bukavu, kipimo cha jeni za saratani ya matiti kikitajwa, wengi hujibu kwamba hicho ni kitu cha matajiri wa Ulaya na Marekani. Bei inawapa haki, maana kinagharimu maelfu ya dola. Lakini kazi yake wameielewa vibaya. Hakitafuti saratani, kinachunguza jinsi jeni 21 zinavyofanya kazi ndani ya uvimbe uliokwisha kutolewa, kisha kinatoa alama kati ya 0 na 100 ya hatari ya ugonjwa kurudi. Faida yake kubwa ni kumtambua mama anayeweza kuepushwa kemoterapi, yaani dawa kali za kuua seli za saratani.

Utafiti wa TAILORx, uliotangazwa mwaka 2018, uliwahusu wanawake ambao saratani yao inategemea homoni na haijafika kwenye tezi za kwapani. Wenye alama 11 hadi 25 waligawanywa kwa kura, hawa dawa za homoni peke yake, wale pamoja na kemoterapi. Baada ya miaka 9, walioishi bila ugonjwa walikuwa asilimia 83.3 na 84.3. Asilimia moja tu! Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, hapa Kadutu mjini Bukavu, akiambiwa aanze kemoterapi, hufunga meza yake kwa miezi, huuza mbuzi na hata kipande cha shamba, hutapika, nywele zinamtoka. Kama hayo yote ni kwa ajili ya asilimia moja, ana haki ya kuijua hesabu hiyo kabla ya kuuza chochote. (Kwa walio na miaka 50 au chini, kuanzia alama 16, kemoterapi ilisaidia kiasi.)

Wanaopinga kipimo hiki wana hoja nzito pia. Mama anayefika uvimbe ukiwa umekwisha kuwa kidonda hahitaji alama yoyote, na wa namna hiyo ni wengi. Tena, mwaka 2011 watafiti waliokuwa Uingereza walionyesha kwamba vipimo vinne vya kawaida, yaani vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, HER2 (protini inayochochea uvimbe kukua) na Ki67 (alama ya kasi ya seli kugawanyika), vikifanywa vizuri na kujumlishwa, hutoa habari inayokaribiana na ile ya jeni 21.

Mimi ningeanza na hivyo vinne, kwa swali lilelile la jeni: je, huyu anaweza kuepushwa kemoterapi? Navyo vinadai kipande cha nyama ya uvimbe kiingie kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, mara tu kinapokatwa, kikae humo saa 6 hadi 72. Kilichoachwa mezani hadi jioni kitaidanganya darubini, na mashine ya jeni vilevile.