Timazi Ilisema Mzee Anaanguka, Nikaambiwa Chora

Jamani sisi wachoraji wa rangi hatuvamii turubai la kuchorea hivi hivi, kwanza unapiga skechi za mwili wote wa mtu mpaka vidole vinakuwa vyeusi kwa mkaa, maana mguu ukikosea kwenye karatasi unatupa maisha yanaendelea, ila ukikosea kwenye turubai na rangi ya mafuta ishakaa utalia.

Sasa siku hiyo modo wetu alikuwa mzee mmoja mwenye misifa, eti yeye akisimama hata nzi atue puani hatikisiki. Pozi za sekunde 30 kapiga fresh, za dakika 2 fresh, tukaja kwenye ile ndefu ya dakika 20, kavaa kaptula, mkono kiunoni, uzito wote mguu wa kulia.

Pozi kama hiyo unaipima kwa timazi (mimi nina uzi nimefunga nati), unaushusha kutoka kwenye kile kishimo chini ya koo na inatakiwa uangukie mguu uliobeba uzito, usipoangukia hapo mtu wako anaanguka hata kama sura umeipatia. Nikapima, poa. Nikachora bega. Kupima tena, uzi uko nje ya kidole gumba cha mguu! Nikafuta bega nikalishusha kidogo, kuinua macho na la mzee nalo limeshuka tena, nikafuta, nikachora, mpaka mzee akawa na mabega matatu kama ngazi. Jirani yangu naye namsikia anafuta huku anasonya.

"Ticha, timazi inasema huyu mzee anaanguka."

Hata hakugeuka. "Mchoro wako ndio unaanguka, rekebisha nyonga."

"Sio mchoro ticha, mzee mwenyewe!"

"Chora!"

Haya, nikachora. Naangalia goti, goti linalegea, halafu nikasikia kakoromo kembamba hivi. Kumbe mtu kalala! Kasimama, mkono kiunoni, kalala fofofo. Kabla sijafungua mdomo akaja mzima mzima juu ya stendi yangu, karatasi, mkaa, ubao, vyote chini na mimi chini yao.

Darasa kimya, ticha kashika mdomo. Mzee akajiinua taratibu, shavu jeusi tii, bega langu la tatu limejichapa kwenye paji la uso, akarudi jukwaani, mkono kiunoni, mguu uleule wa kulia, akanikazia macho:

"We kijana, acha kunisukuma, utaniharibia pozi."