Asilimia 10 ya ofisi peke yake haikuambii kitu

Kuna mwandishi anasema shirika la misaada likitumia zaidi ya asilimia 10 ya hela zake kwenye gharama za ofisi usilichangie, hapo mimi nakataa kabisa. Mhasibu analipwa na hela gani jamani? Mkaguzi je? Shirika lisilo na mhasibu ndo la kuogopa zaidi.

Sisi tulioko huku Marekani tuna bahati, mashirika mengi yanapeleka fomu 990, yaani ripoti ya mapato na matumizi yao, kwa IRS, mamlaka ya kodi ya huku, kila mwaka na mtu yeyote anaisoma bure mtandaoni, kwa hiyo kabla hujamtumia hela yule anayechangisha za visima huko nyumbani we fungua sehemu ya saba uone wakubwa wanalipwa kiasi gani, halafu nenda ya tisa, matumizi yamegawanywa safu safu, kazi yenyewe, utawala na kuchangisha. Ukikuta kuchangisha wameandika sifuri na huku matangazo yao yanakufuata Facebook asubuhi mpaka usiku na kila Desemba wana dina hotelini, uliza, maana hizo gharama zimechomekwa mahali. Angalia na akiba pia, wengine wana hela benki za kula miaka mitano na bado wanalia njaa.

Ila makanisa na misikiti hayalazimishwi kujaza, na vishirika vya chini ya dola 50,000 kwa mwaka vinaruhusiwa kutuma kafomu kafupi tu kasiko na hesabu za matumizi. Hao waombeni mahesabu wenyewe, hata WhatsApp, risiti ya fundi wa kisima inapigwa picha dakika moja.