Difu Imeonewa

Pikapu ikianza kulia nyuma, mtaa mzima unageuka gereji. Jirani uliyempa lifti anakaa dakika mbili tu, anainamisha sikio, anatoa hukumu: "Kaka, difu hiyo." Yaani lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Muuza mihogo pembeni ya barabara, hata chenji hajarudisha: "Difu imekufa, bosi." Shemeji ambaye hajawahi kuendesha chochote zaidi ya toroli naye: "Shem, mbona difu inalia?"

Jamani! Chini ya hiyo Hilux kuna propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) na krosi zake (viungo vyake), kuna beringi za ekseli, springi, yubolti zinazoifunga kwenye ekseli, bushi, shokapu, breki. Mshtakiwa siku zote ni mmoja, na hajawahi kupewa wakili.

Gereji nako ni aibu tupu. Fundi anauliza, "Inaliaje?" Basi mtu mzima mwenye wakwe zake anasimama mbele ya vijana wenye oili usoni, anaanza: "Ngwoooo." Hapana, si ngwoo, ni ngo-ngo-ngo. Wanacheka, naye anaongeza mikono. Swali la maana haliulizwi: inalia wakati gani? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Kwenye kona? Kwenye matuta? Ikiwa na mzigo au tupu?

Tuanze na tairi, maana kulipima ni bure. Tairi lililoliwa vibaya, ukipitisha kiganja unasikia meno kama msumeno, linavuma mfano wa difu mahututi. Toka kwenye lami uingie vumbi laini. Mvumo ukibadilika, mtuhumiwa ni tairi. Hamisha ya nyuma yaende mbele. Kelele ikihama nayo, umeokoa hela ya krauni na pinioni (gia kuu za difu), ambayo si hela ya kuchezea.

Difu yenyewe inafuata mguu wako. Inaimba kwenye mwendo fulani ukikanyaga mafuta, ukiachia inanyamaza au inabadili sauti. Beringi ya gurudumu haina habari na mguu. Inavuma kadiri gari linavyokimbia, hata ukitoa gia. Hiyo unaitega kwa usukani: barabara ikiwa nyeupe, mwendo wa 50, yumbisha gari taratibu kuelekea kushoto. Uzito unahamia kulia. Mvumo ukizidi hapo, shughulika na beringi ya kulia. Na kama kelele inakuja kwenye kona tu, zitazame zile gia ndogo ndani ya difu, kwa sababu gari likienda moja kwa moja huwa zimepumzika, kazi yao ni kona.

Kuna ile kwi-kwi-kwi ukiondoka taratibu, kama kitanda cha gesti. Hiyo ni krosi imekauka grisi. Ukiivumilia itafika hatua ya "ko!" kila ukiingiza gia au rivasi. Sikiliza na haraka ya mlio: kwa difu ya 4.1, propela inazunguka mara nne na ushee wakati gurudumu linazunguka mara moja. Mlio wa harakaharaka, nenda kwenye propela. Ule wa kusuasua, mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu, fungua dramu ya breki au kagua tairi.

Sasa jeki. Mtu ana simu ya milioni, gari kaliegesha juu ya tofali! Tofali la saruji linapasuka bila hodi. Weka kabari magurudumu ya mbele, maana handbreki ya nyuma lazima uiachie, kisha stendi za chuma chini ya ekseli pande zote mbili. Toa gia. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, lisicheze. Halafu lizungushe polepole kwa mkono mmoja, mwingine umeulaza kwenye springi. Beringi iliyochakaa inatuma mkwaruzo mpaka kwenye springi, utauhisi kiganjani kabla masikio hayajajua. Na usikubali kabisa mbwembwe za kuinua gurudumu moja, kuwasha na kutia gia. Lililo juu linazunguka mara mbili ya mwendo wa kwenye dashibodi, na la chini likishika ardhi, pikapu inaondoka na jeki yake.

Hapo ndipo fundi anashika propela, anaizungusha nusu-nusu. "Unaona bosi? Inacheza!" Ndiyo, inacheza! Meno ya krauni na pinioni lazima yaachiwe nafasi. Kwa difu nyingi za Hilux ni milimita 0.13 hadi 0.18, na gia za ndani zina yake. Lakini huyo keshachukua spana na bomba refu, anakaza nati ya pinioni kama anafunga geti la benki. Ndani ya difu nyingi kuna kijibomba laini kilichotengenezwa kibonyee kiasi fulani ili beringi zikae sawa. Kikibonyea zaidi hakirudi. Beringi zinabanwa, zinapata moto, zinakatika. Sasa ndiyo difu kweli, mmefurahi?

Angalieni oili kwanza basi. Na fungueni bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ya juu ikigoma na ya chini mmeshafungua, gari litalala hapo hapo. Uji wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vya chuma ni msiba. Oili ya rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ekseli ya moto ikizama mtoni inapoa ghafla na kuvuta maji, hasa kipumulio, kile kitundu cha hewa cha ekseli, kikiwa kimeziba tope. Kikiziba hivyohivyo siku ya joto, oili inasukumwa nje kupitia sili mpaka kwenye breki shuu. Jaza oili ya gia, mfano GL-5 ya 80W-90, hadi ianze kudondoka kwenye tundu. Maranda ya mbao humo ndani ni dawa ya wauza magari: difu inanyamaza hadi mnunuzi afike kwake.

Kama inagonga kwenye mashimo tu, tena ikiwa tupu, kwa nini mnafika difu? Kagua bushi za springi na za shokapu. Tazama yubolti, mstari wa kutu au mng'aro pembeni yake unaonyesha imelegea, na senta bolti, ile inayoshika springi katikati, ikikatika ekseli inasogea, gari linatembea upande kama kaa. Kisha tikisa tairi la spea lililoning'inia kule chini kwa mnyororo.

"Ko-ko-ko."

"Fundi, si ndiyo hiyo?"

"Ndiyo yenyewe. Kaza tu mnyororo." Anafuta mikono. "Ila bosi, difu nayo uiandalie bajeti."